Kontena milioni mbili za Mombasa: Takwimu za meli husomwaje?

BANDARI ya Mombasa ilihudumia takriban kontena milioni mbili mwaka wa 2024, idadi ambayo haikuwa imewahi kufikiwa katika historia yake. Mwaka uliotangulia idadi hiyo ilikuwa takriban milioni 1.62. Kwa uzito, shehena iliongezeka kutoka takriban tani milioni 36 hadi tani milioni 41.

Kwa mfanyabiashara wa Malili, soko lililo kando ya barabara kuu ya Nairobi kuelekea Mombasa katika Kaunti ya Makueni, habari kama hiyo huonekana kuwa na maana moja tu. Kontena zikiongezeka bandarini, malori yataongezeka barabarani. Malori yakiongezeka, hoteli, gereji, vibanda vya matunda na nyumba za kulala wageni zitapata wateja.

Hata hivyo, hesabu hiyo ina kasoro. Sehemu kubwa ya nyongeza ya mwaka wa 2024 ilitokana na kontena ambazo hazikuvuka lango la bandari kuingia nchini. Ziliteremshwa kutoka meli moja, zikawekwa uwanjani kwa muda, kisha zikapakiwa katika meli nyingine na kupelekwa kwingineko.

Ndiyo sababu takwimu za uchukuzi wa baharini, ambazo huchapishwa kila mwaka katika vitabu vya marejeo na ripoti za mashirika, zinahitaji msomaji ajuaye kilichohesabiwa. Asiyejua anaweza kujenga hoteli, kununua trela kwa mkopo au hata kupanga reli kwa kutegemea tarakimu ambazo ni sahihi lakini hazisemi alichodhani zinasema.

Kontena moja, hesabu nne

Kipimo kinachotumiwa na bandari zote duniani ni kontena ya urefu wa futi 20. Kontena ya futi 40, ambayo ndiyo huonekana mara nyingi juu ya trela, huhesabiwa kuwa mbili. Kwa hivyo kontena milioni mbili za Mombasa si masanduku milioni mbili.

Jambo la pili ni kwamba bandari huhesabu kazi iliyofanywa na mashine zake, si bidhaa zilizonunuliwa. Kila kontena inapoteremshwa melini huhesabiwa, na inapopakiwa tena huhesabiwa upya. Haijalishi kama imejaa au ni tupu.

Chukua mfano wa kontena moja ya futi 40 iliyojaa vigae vya kujengea. Inapofika Mombasa huhesabiwa kuwa mbili. Vigae vikishapakuliwa bara, sanduku lenyewe hurudishwa bandarini likiwa tupu, na linapopakiwa melini huhesabiwa kuwa mbili tena. Mzigo mmoja wa vigae umezaa hesabu ya nne.

Kontena ya aina hiyo inayohamishwa kutoka meli moja hadi nyingine nayo huzaa nne, ijapokuwa hakuna hata lori moja lililoigusa. Biashara hii ya kuhamisha shehena iliongezeka zaidi ya maradufu Mombasa mwaka wa 2024, baada ya mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu, yaliyoanza Novemba 2023, kuyalazimu makampuni mengi ya meli kubadilisha njia na bandari za kupitia.

Bandari kadhaa kubwa duniani huishi kwa biashara hiyo. Tanger Med ya Morocco ilipita kontena milioni 10 mwaka wa 2024, nyingi zikiwa za kuhamishwa tu. Shanghai, inayoongoza duniani, ilipita milioni 51 mwaka huo, lakini nyuma yake kuna viwanda vya China. Kuziweka bandari hizo katika orodha moja bila maelezo ni kama kulinganisha steji ya matatu na soko kwa kuhesabu watu wanaopita.

Kwa Mombasa, takwimu inayoigusa Malili zaidi ni ile ya shehena iingiayo na ya nchi jirani. Takriban tani nne kati ya kila tano zinazopita bandarini humo ni za bidhaa zinazoingia kutoka ng'ambo. Uganda peke yake huchukua zaidi ya nusu ya shehena inayopita kwenda nchi jirani, nyingine ikielekea Sudan Kusini, Rwanda na mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Hata hapo pana tahadhari. Mafuta ya petroli ni sehemu kubwa ya uzito unaoingia Mombasa, lakini tangu mwaka wa 1978 yamekuwa yakisafirishwa hadi Nairobi kwa bomba. Tani hizo huandikwa katika vitabu vya bandari, na bado dereva wa lori hazioni.

Tani ambazo si uzito

Neno 'tani' ndilo huwapotosha wasomaji wengi zaidi, kwa kuwa katika takwimu za meli lina maana zaidi ya moja.

Maana ya kwanza ni ile ijulikanayo sokoni, yaani uzito wa kilo 1,000. Kwa kipimo hiki, biashara ya baharini duniani ilikuwa takriban tani bilioni 2.6 mwaka wa 1970, karibu bilioni 6 mwaka wa 2000 na bilioni 12.3 mwaka wa 2023. Zaidi ya asilimia 80 ya bidhaa zote zinazouzwa baina ya mataifa, kwa uzito, hupitia baharini.

Maana ya pili ni uwezo wa meli kubeba. Hapa huhesabiwa shehena, mafuta ya injini, maji, chakula na mabaharia wenyewe. Meli yenye uwezo wa tani 50,000 inaweza kutia nanga Mombasa ikiwa na tani 20,000 tu za shehena. Anayejumlisha uwezo wa meli zilizofika bandarini hajajumlisha mizigo iliyofika.

Maana ya tatu haihusu uzito kabisa. Ni kipimo cha nafasi iliyomo ndani ya meli, na asili yake ni mapipa ya mvinyo ambayo meli za Ulaya zilikuwa zikibeba katika zama za kati. Idadi ya mapipa ilionyesha ukubwa wa meli na ushuru wa kutozwa. Kanuni zinazotumika sasa zilitokana na mkataba wa kimataifa wa mwaka wa 1969, ulioanza kutekelezwa mwaka wa 1982. Kipimo hiki hutumiwa kukadiria ada za bandari na masharti ya usalama.

Vitabu vingi vya takwimu huanza kuhesabu meli kuanzia tani 100 za kipimo hicho cha nafasi. Mwanzoni mwa mwaka wa 2023 meli za kiwango hicho na zaidi zilikuwa takriban 105,000 duniani. Mashua na majahazi mengi madogo ya Lamu, Pemba na Unguja hayamo katika hesabu hiyo, ingawa hubeba mbao, saruji na chakula kila siku. Kutokuwamo kitabuni si ushahidi kwamba hakuna kazi inayofanyika.

Pia kuna kipimo kinachounganisha uzito na mwendo, ambapo tani moja ikisafirishwa maili moja ya baharini huhesabiwa kuwa moja. Umuhimu wake ulidhihirika meli zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika. Safari ya kutoka Singapore hadi Rotterdam iliongezeka kwa takriban maili 3,500.

Mwaka wa 2024 uzito wa biashara ya baharini duniani uliongezeka kwa asilimia 2 hivi, lakini kazi ya kuusafirisha, ikipimwa kwa tani na maili, iliongezeka kwa karibu asilimia 6. Aliyesoma takwimu ya kwanza pekee angeshangaa kwa nini nauli zilipanda ilhali bidhaa hazikuongezeka sana. Jibu limo katika takwimu ya pili: meli zilikuwa safarini kwa muda mrefu zaidi, kwa hivyo zilizobaki za kukodi zilikuwa chache.

Chimbuko ni mkahawa wa London

Vitabu vya marejeo kuhusu meli havikuanzishwa ili kuwasaidia wanafunzi au serikali. Vilianzishwa na watu waliokuwa wakihofia kupoteza fedha.

Mwishoni mwa karne ya 17, mkahawa wa Edward Lloyd jijini London ulikuwa kituo cha manahodha, wafanyabiashara na watoaji wa bima. Gazeti la habari za meli lililoitwa Lloyd's List lilianza mwaka wa 1734, likaendelea kuchapishwa kwenye karatasi hadi Desemba 2013 lilipobaki la mtandaoni pekee.

Mwaka wa 1760 watoaji wa bima waliokuwa wakikutana katika mkahawa uliobeba jina hilo waliunda chama cha kuorodhesha meli, na daftari lake la kwanza likatolewa mwaka wa 1764. Kila meli iliandikwa jina, mwenyewe, nahodha na hali yake. Mwili wa meli ulipewa herufi na vifaa vyake vikapewa alama ya ubora. Aliyetaka kuitolea meli bima alifungua daftari kwanza.

Ugumu wa kuhesabu meli ni kwamba hubadilisha majina, wamiliki na bendera. Kwa sababu hiyo kila meli kubwa ya biashara ina namba ya tarakimu saba chini ya Shirika la Kimataifa la Safari za Baharini (IMO), ambayo haibadiliki tangu inapojengwa hadi inapovunjwa. Namba hizo zilifanywa kuwa za lazima mwaka wa 1996.

Suala la bendera nalo huwakanganya wengi. Mwanzoni mwa mwaka wa 2024, mataifa matatu yaliyoongoza kwa uwezo wa meli zilizosajiliwa yalikuwa Liberia, Panama na Visiwa vya Marshall. Ukurasa wa pili wa takwimu hizo hizo, unaopanga meli kwa wamiliki, ulikuwa na majina mengine kabisa: Ugiriki, China na Japani. Wenye meli husajili zao ng'ambo ili kupunguza kodi na gharama. Jedwali la bendera halionyeshi faida inakoenda.

Wanaokusanya takwimu

Chapisho linalotegemewa zaidi duniani ni ripoti ya kila mwaka kuhusu uchukuzi wa baharini inayotolewa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Biashara na Maendeleo (UNCTAD), lenye makao yake Geneva. Limekuwa likiitoa tangu mwaka wa 1968. Mataifa yanayoendelea yalikuwa yakilalamika kwamba nauli ziliamuliwa na makampuni ya mataifa tajiri, na bila takwimu huru hayakuwa na hoja ya kupeleka mezani.

Mjini Bremen, Ujerumani, taasisi ya uchumi wa meli imekuwa ikitoa kitabu chake cha takwimu, huku kampuni za kibinafsi kama Clarksons ya London zikiuza takwimu za kina kwa wateja wao. Bei ya takwimu hizo za kibinafsi huwa kubwa, jambo linaloyafanya machapisho ya bure ya Umoja wa Mataifa kuwa tegemeo la watafiti wengi wa Afrika.

Nchini Kenya, mkusanyaji wa kwanza ni Halmashauri ya Bandari Nchini (KPA), iliyoundwa mwaka wa 1978. Kabla ya hapo, Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Mtwara zilikuwa chini ya shirika moja la bandari la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya hiyo ilipovunjika mwaka wa 1977, kila nchi ilibaki na bandari zake na daftari lake.

Takwimu za KPA hupelekwa pia kwa Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS), ambalo huzichapisha katika ripoti ya hali ya uchumi kila mwaka. Ripoti hiyo hutolewa miezi kadhaa baada ya mwaka unaohusika kumalizika, kwa hivyo anayeisoma huangalia nyuma. Kuhusu mwendo wa mizigo kutoka bandarini hadi mipakani, yapo pia matokeo ya uchunguzi wa Mamlaka ya Ushoroba wa Kaskazini, yenye ofisi zake Mombasa.

Thamani ya kusoma takwimu za miaka mingi pamoja huonekana hapa. Mwaka wa 2007 Mombasa ilihudumia takriban tani milioni 16. Kufikia mwaka wa 2024 ilikuwa imepita mara mbili na nusu ya kiasi hicho. Ukuaji huo ndio uliohalalisha upanuzi wa magati, barabara na reli.

Reli na ndoto ya tani milioni 22

Reli ya kisasa ya SGR kati ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa Mei 31, 2017, iligharimu takriban Sh327 bilioni, nyingi zikiwa mikopo kutoka China. Ilielezwa kuwa na uwezo wa kubeba tani milioni 22 za shehena kwa mwaka.

Mwaka wa 2022 ilibeba takriban tani milioni sita. Tofauti hiyo haimaanishi kwamba kuna aliyedanganya kuhusu bandari, kwani shehena ya Mombasa kwa jumla iliendelea kukua. Kosa hutokea pale uwezo unaposomwa kana kwamba ni mahitaji. Tani za bandari hujumuisha mafuta yaendayo kwa bomba, shehena inayotumiwa Mombasa kwenyewe, na mizigo ambayo wenyewe wanaona lori litaifikisha hadi mlangoni kwa gharama nafuu.

Serikali ilipojaribu kuziba pengo hilo kwa amri, walioumia walikuwa wa kando ya barabara. Mwaka wa 2019 iliagizwa kwamba kontena zote ziendazo bara zisafirishwe kwa reli. Wenye malori na wakazi wa Mombasa waliandamana, na suala hilo likafika mahakamani. Miji ambayo huishi kwa madereva, kuanzia Mariakani na Voi hadi Mtito Andei na Emali, iliona biashara ikidorora. Septemba 2022 Rais William Ruto aliruhusu wenye mizigo kuchagua tena.

Malili haina kituo cha abiria cha reli hiyo. Vilivyo karibu zaidi viko Athi River na Emali. Lakini jirani yake ni Konza, ambapo kwa zaidi ya karne moja reli ya zamani ya Mombasa imekuwa ikikutana na ile inayotoka Magadi. Magadi ya ziwa hilo hutumiwa kutengeneza vioo na sabuni, na ni miongoni mwa bidhaa chache nzito ambazo Kenya huuza ng'ambo kupitia baharini.

Mauzo ya aina hiyo huathiri takwimu kwa namna isiyolingana na thamani yake. Mchanga wenye madini ya titani uliochimbwa Kwale ulikuza uzito wa mauzo ya nje tangu mwaka wa 2014, na uchimbaji ulipokoma Desemba 2024 uzito huo ukatoweka. Maua, ambayo huliingizia taifa fedha nyingi, husafiri zaidi kwa ndege na hivyo huonekana kidogo sana katika vitabu vya bandari. Majani chai ni mepesi. Jedwali la tani haliwezi kusoma pato la mkulima.

Nauli ya Shanghai, bei ya Makueni

Takwimu nyingine inayofaa kufuatiliwa ni faharasa ya nauli za kontena zinazotoka Shanghai. Kabla ya janga la Covid-19 ilikuwa kwa kawaida chini ya pointi 1,000. Januari 2022 ilipita pointi 5,000.

UNCTAD ilikadiria mwaka wa 2021 kwamba, iwapo nauli zingebaki juu kiasi hicho, bei za bidhaa za kuagizwa duniani zingepanda kwa asilimia 11, na zile anazolipa mnunuzi wa mwisho zingepanda kwa asilimia 1.5 kufikia mwaka wa 2023. Kwa mataifa maskini kabisa makadirio yalikuwa asilimia 2.2.

Njia ambayo nauli hiyo hufuata hadi dukani si fumbo. Ngano, mbolea, chuma na vipuri hutozwa nauli, na ushuru wa forodha nchini hukokotolewa kwa bei ya bidhaa pamoja na bima na nauli hiyo. Nauli ikipanda, ushuru nao hupanda hata kama kiwango chake hakijabadilishwa. Mnunuzi wa bidhaa inayotozwa ushuru hulipa vyote viwili bila kuviona kwenye risiti.

Nafasi ya 328

Orodha za ubora nazo zahitaji kusomwa kwa makini. Benki ya Dunia ilipochapisha mwaka wa 2024 tathmini ya bandari za kontena kwa mwaka wa 2023, Mombasa ilikuwa ya 328 kati ya 405. Berbera ya Somaliland ilikuwa ya 106, na Dar es Salaam ya 367.

Kilichopimwa ni muda ambao meli hukaa bandarini, ikiwemo foleni ya kusubiri gati. Hakikupimwa muda wa mzigo kutoka uwanjani, foleni ya mizani, wala siku za lori hadi Malaba. Kwa mwenye meli, orodha hiyo ni muhimu sana. Kwa mwenye duka bara, ni nusu ya habari.

Anayezipokea takwimu hizi anaweza kujikinga kwa maswali machache. Je, ni uzito, nafasi, uwezo au idadi ya masanduku? Je, kontena tupu na zile za kuhamishwa zimo? Je, ni yaliyotokea au ni makadirio? Na ni nani aliyehesabu, akiwa na haja gani?

Katika ardhi ya ekari 5,000 iliyokuwa ya Malili Ranch sasa kunajengwa mji wa teknolojia wa Konza, uliozinduliwa na Rais Mwai Kibaki Januari 2013, na tayari una kituo cha kitaifa cha kuhifadhi data. Nje ya ua wake, malori yangali yanapita usiku na mchana. Mfanyabiashara wa hapo anayetaka kujua kama yataongezeka mwakani asiishie kwenye jumla ya kontena. Atafute safu ya shehena iingiayo na ile ya nchi jirani, aondoe mafuta, aondoe iliyobebwa na reli, kisha ndipo aamue kama ataongeza vyumba.